Jua la Dola 24

Mama yangu akishasia mbegu za kabichi na kumwagilia, jambo linalofuata ni kulizuia jua. Anasimika vijiti vinne, analaza fito, anatandaza nyasi juu yake, na kitalu kinakaa kivulini kama mgonjwa. Sisi watoto kule Lushoto tulikuwa na kazi ya kukitazama hicho kichanja. Jua likizidi, nyasi zinaongezwa. Miche ikianza kusimama vizuri, zinapunguzwa kidogo kidogo. Siku chache kabla ya kupandikiza, kichanja kinafunguliwa chote. Miaka yote ile sikumsikia mtu hata mmoja akilalamika kwamba kitalu chake kimekosa mwanga. Mwanga ulikuwa kitu cha kupunguza, kama chumvi.

Sasa nitazame mimi, mtoto wa kitalu kile, nimechuchumaa kwenye basementi, chumba cha chini ya nyumba ya kupanga, mjini Minneapolis, Marekani, mwezi wa tatu, theluji nje bado imejaa uani, nafunga minyororo ya taa juu ya trei mbili za udongo. Nimenunua jua, na risiti ninayo.

Tangu nianze kugawa miche ya nyanya chungu kwa Waswahili wenzangu wa hapa, swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: taa gani? Jibu fupi ni taa nyeupe za LED za gereji, zile ndefu za futi nne wanazoning'iniza mafundi juu ya meza zao. Usinunue kitu chenye picha ya jani kwenye boksi. Jibu refu ndilo hili, kwa sababu kabla sijafika kwenye jibu fupi nilipoteza misimu miwili, na hela ambazo ningeweza kuzila.

Kwanza, kwa nini mtu asie mbegu ndani ya nyumba? Waliopo Tanga au Mombasa wataona kichekesho. Hapa kwetu jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha maji kwenye majani, huweza kupiga hadi Mei, na mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba inarudi. Katikati una miezi minne na ushee. Mchicha hauna shida, unauchuma wiki chache tu baada ya kuusia. Shida ni nyanya chungu, au ngogwe kama tunavyoiita. Inataka wiki nane hivi kitaluni, halafu ikishapandikizwa inakaa miezi miwili au zaidi ndipo izae sawasawa. Ukisubiri udongo wa nje upate joto ndipo usie, utavuna majani na maua, kisha jalidi itakuja kukuvuna wewe. Pilipili mbuzi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mbegu zinaingia udongoni katikati ya Machi, na mahali pekee penye joto wakati huo ni ndani.

Mwaka wa kwanza nilitumia dirisha. Dirisha la jikoni lilikuwa kubwa, na mimi nikiangalia niliona pana mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Mbegu ziliota vizuri. Siku ya nne baada ya kuota, miche yote arobaini ilikuwa imelala upande wa kioo kama abiria wa daladala dereva akikata kona. Nikazungusha trei. Kesho yake imelala tena. Kila siku shina linaongeza urefu na kupunguza unene, jeupe chini, na juu yake vijani viwili vidogo vilivyokata tamaa. Dada mmoja Mkenya tunayefanya naye zamu ya usiku, mtu wa Kisii anayelima mboga za kwao, managu na chinsaga, nyuma ya nyumba yake hapa hapa, nilimwonyesha picha. Akaitazama kwa muda. "Hizi ni nyuzi," akasema. "Sasa unataka kupanda ama unataka kushona?"

Alikuwa amesema kweli. Mche ulio gizani unatumia akiba yote ya mbegu kurefuka, kwa sababu huko porini kurefuka ndiko kunakomfikisha mtu juu ya majani yaliyomfunika. Haujui kwamba juu kuna dari.

Kosa langu lilikuwa kuliamini jicho. Jicho ni shahidi mbaya wa mwanga. Mboni inapanuka gizani na kusinyaa juani, hadi mtu anadhani jikoni na uani vinapishana kidogo tu. Siku moja nikapakua programu ya simu inayopima mwanga kwa luksi, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, nikazunguka nayo nyumbani kama fundi wa Tanesko anayesoma mita. Mezani nilipokuwa nakula: luksi 300. Ukingoni mwa dirisha siku ya mawingu: 2,000. Mita moja nyuma ya dirisha: 500. Nje, uani, siku hiyo hiyo ya mawingu: zaidi ya 15,000. Siku iliyofuata jua likatoka, nje simu ikasoma zaidi ya 70,000. Simu si kipimo cha maabara, na ya kwako inaweza kutofautiana na yangu, lakini hapa hatubishani juu ya asilimia tano. Nilikuwa nimeiweka miche mahali penye sehemu ndogo sana ya mwanga unaopatikana nje hata siku ambayo mawingu yamefunga.

Na kuna jambo la upande wa dirisha ambalo mtu wa kwetu hafikirii. Karibu na ikweta jua linapita utosini, dirisha likitazama huku au kule ni mamoja. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini. Huku saa sita mchana jua halisimami utosini hata siku moja ya mwaka, liko upande wa kusini tu. Dirisha la kaskazini ni picha ya ukutani. La mashariki, kama lile langu, linapata saa chache za asubuhi kisha basi. Hata ukiwa na dirisha zuri la kusini, linaona nusu ya anga, ukitoa mti wa jirani, ukitoa ukingo wa paa, ukitoa kioo chenyewe.

Basi mwaka wa pili nikaamua kununua taa, na hapo nikaingia mikononi mwa wauzaji.

Mtandaoni taa ya mimea ni ya zambarau. Vile vitundu vyekundu na vya bluu vinavyofanya chumba kifanane na ukumbi wa disko. Yangu ilikuwa na maandishi makubwa: "1000W". Nililipa dola 79 nikijiona mjanja, kwani wati elfu moja kwa bei hiyo ni kama bure. Baadaye nilinunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi kinachosoma umeme unaotumika. Taa ya wati 1,000 ilikuwa inatumia wati 92. Nikarudi kusoma maandishi madogo, nikakuta neno "sawa na". Sawa na nini, hawakusema.

Tuitendee haki: miche haikufa. Iliyokuwa katikati, chini kabisa ya taa, ilitoka minene na mizuri. Ya pembeni iliinama kuelekea katikati, kwa sababu taa yenyewe ilikuwa pande moja la mraba, na mwanga wake ulianguka kama doa la tochi. Feni yake ya ndani ilipiga kelele usiku kucha. Lakini kilichonichosha zaidi ni rangi. Chini ya mwanga wa zambarau jani la kijani linaonekana jeusi, jani la njano nalo halionyeshi rangi yake halisi, na mkulima asiyeweza kuona kwamba miche yake inageuka njano hana tofauti na mpishi asiyeweza kuonja. Kinyausi kilipoingia, kile cha shina kunyauka usawa wa udongo na mche kuanguka, nilikigundua trei ikiwa imeshaenda robo.

Halafu kuna suala la heshima. Jimbo la Minnesota liliruhusu bangi kwa watu wazima kuanzia Agosti 2023, na sheria inakubali mtu kuotesha hadi mimea minane nyumbani kwake. Kwa hiyo ukionekana na taa ya zambarau dirishani, watu wameshakuhukumu. Niliingia duka moja la vifaa vya kilimo cha ndani kuuliza bei, kijana akaniuliza naotesha nini. Nikasema nyanya chungu. Akakonyeza jicho, akasema, "Bila shaka, kaka."

Zambarau ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mchoro ambao kila muuzaji anaubandika: rangi ya kijani ya jani, ikikamuliwa na kuwekwa kwenye chupa, inanyonya mwanga mwekundu na wa bluu na kuuacha wa kijani. Mchoro si wa uongo. Ila jani zima si chupa. Mwaka 1972 mtafiti K. J. McCree alichapisha vipimo vya majani ya aina 22 za mimea, akipima usanisinuru wenyewe rangi baada ya rangi, na kijani ikaonekana kufanya kazi vizuri tu, ingawa nyekundu inaishinda. Mwanga wa kijani unapenya ndani zaidi ya jani na kutumika huko. Kwa miche ya wiki sita hakuna sababu ya kulipia zambarau.

Mwanga mweupe wa LED wenyewe ni bluu iliyovalishwa kanzu. Ndani kuna LED ya bluu iliyopakwa unga unaong'aa ukimulikwa (kwa Kiingereza phosphor), na unga huo unageuza sehemu ya bluu kuwa njano na nyekundu, jicho likichanganya vyote linaona nyeupe. Kwa miaka mingi dunia ilikuwa na LED nyekundu na za kijani, ya bluu yenye mwanga mkali ikishindikana, hadi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoiweza. Walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mimi huwakumbuka kila Machi, maana bila wao taa ya gereji ingekuwa bado ni ule mrija mrefu wenye zebaki, yaani tube light. Bluu ile inafaa pia kitaluni, kwani mwanga wenye bluu ya kutosha unalifanya shina libaki fupi na nene.

Mwaka wa tatu nikaenda duka la vifaa vya ujenzi na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeandika vitu vitatu vya kusoma kwenye boksi. Kwanza lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka: nilitaka 4,500 hadi 5,000 kwa taa ya futi nne. Pili wati za kweli, zile zinazoingia kwenye bili, wala si "sawa na": kwa lumeni hizo zinakuja 40 na kitu. Ukigawa lumeni kwa wati ukapata 100 au zaidi, umeme wako hauendi bure. Tatu ile namba yenye K, inayoonyesha rangi ya mwanga. Taa za sebuleni za rangi ya manjano ni 3000K au chini ya hapo, za gereji ni 4000K au 5000K, nyingine 6500K yenye ubluu. Kwa miche chukua 5000K kama ipo, na kama haipo chukua ya 4000K ulale usingizi wako. Watu wanagombana sana juu ya namba hii, lakini tofauti yake ni ndogo kuliko tofauti ya kuinua taa kwa kiganja kimoja.

Taa niliyoichukua ilikuwa dola 24, lumeni 5,000, wati 42, na minyororo ya kuning'inizia ndani ya boksi.

Mtu aliyesoma mambo haya atasema lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu, si cha jani, na atakuwa sahihi. Lumeni inapendelea kijani kwa sababu jicho linapendelea kijani. Wataalamu wa mimea wanahesabu chembe zenyewe za mwanga, fotoni, zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde, kwa maikromoli, kipimo cha kuhesabia chembe nyingi mno. Kipimo chake cha kweli kinauzwa mamia ya dola. Lakini kwa LED nyeupe unaweza kudanganya kistaarabu: soma luksi kwa simu pale majani yalipo, gawanya kwa 70, utapata makadirio ya kutosha. Miche ya mboga inaridhika na maikromoli 200 hivi kwa saa 16 kwa siku, ambazo kwa luksi ni kama 14,000 au 15,000. Ukizijumlisha saa zote unapata moli 11 hadi 12 kwa siku (moli moja ni maikromoli milioni moja). Jua la nje, siku kavu ya kiangazi, linaweza kupita 40. Kwa hiyo hushindani na jua. Unauchukua mche toka mbegu hadi majani manne au sita, basi.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo ningemwambia mtu kama ningekuwa na dakika moja tu. Si taa ipi, ni taa iko wapi.

Nilikaa na simu yangu chini ya ile taa moja ya dola 24. Sentimita 60 chini yake: luksi 2,500, sawa na dirisha lile lililonipa miche kama nyuzi. Sentimita 30: luksi 6,000 na kitu. Sentimita 10: luksi 15,000. Taa ni ile ile, bili ni ile ile, lakini juu ni upuuzi na chini ni kitalu. Watu wengi wanaosema "taa za bei rahisi hazifai" wamezifunga darini. Taa ya darini inamulika sakafu, kuta, viatu, na mwenye nyumba. Ishushe. LED ya gereji haitoi joto la kuchoma mche kwa umbali wa kiganja. Weka mkono wako juu ya miche, ukae hapo dakika moja, mkono usipoungua na mche hauungui. Ndiyo maana minyororo ni muhimu kuliko chapa: miche ikipanda unapandisha taa pete moja ya mnyororo, na kila siku mbili tatu unapita kuangalia. Mimi nyakati nyingine naona uvivu wa kupandisha taa, basi napanga vitabu chini ya trei na kuondoa kimoja kimoja.

Taa ya futi nne, yaani mita 1.2, inafunika trei mbili za kawaida zilizopangwa ncha kwa ncha, na si zaidi ya hapo kwa upana. Trei ya pili ukiiweka pembeni itakaa kivulini. Ukitaka trei nne, nunua taa mbili uzipange sambamba, na hapo kila moja inamsaidia mwenzake pembeni. Kuta za pembeni nimezisimamisha kwa maboksi niliyobandika karatasi nyeupe. Karatasi ya foili ya jikoni ya kung'aa niliijaribu, inakunjamana na kupeleka mwanga inakotaka yenyewe. Nyeupe isiyong'aa inatawanya vizuri.

Saa 16, nimesema. Taima ya dola 9 inawasha saa kumi na mbili asubuhi na kuzima saa nne usiku. Usijaribu kuikumbuka mwenyewe, hasa kama unafanya kazi za zamu kama mimi. Miche yangu ya mwaka ule wa zambarau iliishi kwa ratiba ya zamu zangu za hospitali. Na usiache taa iwake saa 24 ukidhani unaongeza upendo. Nyanya hasa hazivumilii kunyimwa usiku: majani yanapauka na kupata mabaka ya njano.

Taa nyingine nizimalize haraka. Balbu za zamani za waya zilikuwa zinageuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto, na hapa Marekani zimeshaondolewa madukani kwa kanuni iliyoanza kutekelezwa kikamilifu Agosti 2023. Mirija ya zebaki, kama umeirithi kutoka kwa mwenye nyumba, itumie, iko sawa kabisa, ila ikizeeka inafifia bila kuaga, na ikifa usiitupe kwenye taka za kawaida. Vile vitaa vya kubana mezani vyenye shingo za kupinda vinatosha chungu kimoja cha mrehani. Balbu ya LED ya kawaida, ile inayochukua nafasi ya balbu ya wati 100, ina lumeni 1,500 hivi kwa wati 15. Ukiwa na taa ya kusomea yenye kofia, ishushe juu ya makopo matano au sita na umepata kitalu cha mwanafunzi. Nimeona mtu akifanya hivyo kwenye chumba cha bweni, na pilipili zake zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Umeme? Nilitegemea bili ingenitoa machozi. Wati 42 kwa saa 16 ni uniti 0.67 kwa siku. Wiki nane, uniti 38. Mimi nalipa senti 15 kwa uniti, jumla dola 5 na senti 70 hivi kwa taa moja msimu mzima. Wenzetu wa Ujerumani na Uingereza umeme wao ni ghali zaidi, wazidishe kwa bei yao, lakini bado hawatafika bei ya kilo mbili tatu za nyanya chungu kwenye duka la Kiafrika, zile zilizosafiri hadi zikasahau zilikotoka.

Jambo moja ambalo taa haifanyi ni kuotesha mbegu. Hili lilinichelewesha pia. Mbegu za nyanya chungu hazitaki mwanga ili ziote, zinataka joto, nyuzi 25 hadi 30. Basementi yangu mwezi wa tatu ina nyuzi 16. Zilikaa wiki tatu zimenyamaza nikidhani nimeuziwa mbegu mfu. Sasa trei inakaa juu ya friji, imefunikwa nailoni, na mara ninapoona shingo ya kwanza imechomoza naishusha chini ya taa siku hiyo hiyo. Ukichelewa hata siku mbili, miche imeshaanza kuwa nyuzi za kushonea. Naongeza na feni ndogo inayopuliza polepole, kwa sababu shina linalotikiswa linakuwa gumu, na udongo ulio mkavu juu unamnyima kinyausi pa kukaa. Nyaya zote nazifunga juu ya usawa wa maji. Kumwagilia na umeme ni majirani wasiopatana.

Mwaka ule wa tatu nilipata miche 94 kati ya mbegu 100. Mifupi, minene, majani yake ya zambarau iliyokolea kwenye mishipa, na safari hii zambarau yenyewe si ya taa. Nilimtumia mama video. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimeona. Miche imekaa vizuri. Hapo ni wapi, mbona kama dukani?"

Nikamweleza: chini ya nyumba, hakuna dirisha, taa inawaka saa kumi na sita. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo haijaona jua kabisa?"

"Bado."

"Haya."

Nilipaswa kulisikiliza lile "haya". Katikati ya Mei, siku ya jua zuri, nyuzi 24, nilitoa trei zote mbili uani saa tatu asubuhi nikaenda kulala, maana nilitoka zamu. Nikaamka saa tisa alasiri. Majani ya juu yalikuwa yamegeuka meupe, meupe kama karatasi, makavu pembeni. Hesabu niliijua mwenyewe: miche iliyolelewa kwenye maikromoli 200 niliitupa kwenye karibu 2,000 kwa asubuhi moja. Nilikuwa nimetumia miaka mitatu kujifunza kuongeza mwanga, nikasahau kitu nilichokifanya kwa mikono yangu nikiwa na miaka saba.

Nilimpigia tena, safari hii bila video.

"Kichanja chako kiko wapi?" akauliza.

Sikuwa na nyasi, wala fito, wala mgomba. Nilikuwa na mipini miwili ya mifagio, fito mbili za pazia, na pazia lenyewe, lile jepesi la shashi lililokuja na nyumba. Nilisimika, nikafunga kwa kamba za viatu. Mama alikuwa bado kwenye simu akitoa maelekezo kana kwamba anakiona: upande wa jua la mchana ufunike zaidi, asubuhi acha wazi, siku ya tatu kunja pazia mara moja, siku ya tano kunja tena, usimwagilie jua likiwa juu. Mche ambao jani la katikati bado bichi usiung'oe.

Kati ya 94, iliyobaki ilikuwa 71. Siku ya nane, jioni, nilikunjua kamba na kurudisha pazia ndani.